Ua Mweupe Nyuma ya Jikoni

Ndugu mkulima, ikiwa una bustani ndogo ya mboga upande wa kivuli, na miche yake imerefuka kama vijiti, rangi imepauka, na yote imelala upande mmoja kama watu wanaochungulia dirishani, soma habari hii kabla hujachukua shoka. Pengine mti unaoushtaki hauna kosa. Na pengine dawa yenyewe unayo ghalani, katika mfuko wa chokaa uliobaki siku ile ulipopaka nyumba.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo. Kazi yangu ni kuandika barua, kuweka hesabu za mbegu, na kuwapokea wakulima wanapomngojea Bwana Shamba. Lakini kabla ya kazi hii nilisomea ualimu, na tabia ya mwalimu ni ngumu kuiacha. Mtu akiniuliza jambo siridhiki mpaka nimtafutie sababu yake.

Mwezi wa Juni 2023 alikuja ofisini mama mmoja mwenye shamba katika skimu ya Kinangop. Alikuwa amefunga miche mitatu ya sukuma wiki ndani ya gazeti. Akaiweka juu ya meza yangu, akasema, "Karani, mwanangu, hebu tazama chakula cha watoto wangu." Mashina ya miche ile yalikuwa membamba kama kamba za viatu, na kila mmoja ulikuwa na majani manne au matano ya manjano. Mama akasema amepanda mara tatu mahali pale pale, ametia samadi, amenyunyiza maji, na kila mara mambo huwa yale yale. Kosa alilijua: ni misaipresi ya mumewe, iliyosimama mstari upande wa mashariki. Alitaka Bwana Shamba aende akamwambie mzee aikate.

Jambo hili lilikuwa zito kuliko miche mitatu. Misaipresi ile ilipandwa na baba mkwe wake baada ya kupewa shamba mwaka 1964, wakati mashamba makubwa ya walowezi yalipokuwa yakigawanywa chini ya Mpango wa Ekari Milioni ulioanza mwaka 1962. Wewe unayekaa Kinangop waijua baridi ya huko. Uwanda ule uko zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, na usiku mwingine umande huganda juu ya viazi hata asubuhi majani yakawa meusi. Misaipresi ndiyo inayowakinga ng'ombe wa maziwa na upepo. Mzee alikuwa amesema kwamba atakayeigusa miti ya baba yake amemgusa baba yake. Mama naye alikuwa amesema kwamba hatanunua mboga sokoni hali ana shamba. Kwa wiki mbili walikuwa hawasemezani ila kwa kupitia kwa watoto.

Labda utauliza, kwa nini mama asihamishe bustani? Nilimwuliza swali hilo hilo, naye akanitazama kama mtoto asiyejua kitu. Nyuma ya jikoni ndipo maji ya kuoshea mboga na vyombo yanapomwagwa, ndipo anapoweza kuwaona kuku na mbuzi wa jirani akiwa bado ameshika mwiko, na ndipo mtoto anapoweza kutumwa kuchuma majani maji yakiwa motoni. Mahali pengine pote pamepandwa viazi na nyasi za ng'ombe. Bustani ya jikoni iliyo mbali na jikoni hailindwi wala hainyweshwi.

Basi siku ya pili Bwana Shamba akanipakia kwenye pikipiki yake tukaenda. Bustani yenyewe ilikuwa ukanda wa upana wa mita 3. Upande wa kaskazini pana ukuta wa jikoni, na upande wa kusini pana ua wa mabanzi wenye urefu wa karibu mita 2. Mzee alikuwa ameupaka ua huo oili chafu ya gari, toka chini hata juu, ili mchwa wasiule. Ulikuwa mweusi ti.

Bwana Shamba hakusema neno juu ya miti. Aliomba vigingi, akaanza kuchomeka kimoja kimoja kwenye ukingo wa kivuli. Tulikaa pale karibu siku nzima, na mama akatupikia. Ilipofika saa tatu na nusu kivuli cha misaipresi kilikuwa kimekwisha kuondoka bustanini. Kivuli cha jikoni ndicho kilichobaki. Saa sita na nusu, wakati jua la huko linapokuwa juu kabisa, kilikuwa kimejikunja mpaka mita 1 na robo hivi kutoka ukutani, kisha kikaanza kurefuka tena. Tuta lile lililokaribia ukuta, ambalo ndilo mama alilopanda sukuma wiki, halikuonja jua hata dakika moja. Jikoni imejengwa na mama mwenyewe. Mzee alicheka sana, na mimi nikaona afadhali nitazame pembeni.

Hapa nieleze habari ya jua, maana wengi wetu hatuiangalii. Sisi tulio karibu na ikweta jua halipiti upande mmoja mwaka mzima. Tangu karibu tarehe 21 Machi mpaka tarehe 23 Septemba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na baada ya hapo hupita upande wa kusini mpaka Machi tena. Kwa hiyo ukuta unaotazama kusini huwa na kivuli miezi ile sita ya katikati ya mwaka, na ukuta unaotazama kaskazini huwa na kivuli miezi mingine sita. Ndiyo sababu mtu hupanda Januari akavuna vizuri, kisha akapanda Mei mahali pale pale akapata vijiti. Tena kwa wenzetu wa Kinangop Juni mpaka Agosti ni miezi ya baridi na mawingu, basi kivuli cha ukuta huongezwa juu ya kivuli cha mawingu. Na kama penye ukuta pangekuwa na mstari wa miti yenye urefu wa mita 12, kivuli chake mwezi wa Juni kingefika mita 5 na zaidi wakati wa adhuhuri, na asubuhi saa mbili na nusu kingepita mita 10. Basi pima kwanza kabla hujatoa hukumu.

Jikoni haiwezi kuhamishwa kwa ajili ya sukuma wiki. Lakini angalia: katika ukanda ule ua wa kusini ulikuwa ukipigwa na jua karibu siku nzima! Jua liliruka juu ya paa, likapita juu ya tuta la mama, likaangukia mabanzi meusi, na mabanzi yakalimeza.

Nikakumbuka darasani. Nilimwomba mama sinia nyeupe na sufuria iliyoungua masizi. Nikasimama penye jua, nikaishika sufuria karibu na mche uliokuwa kivulini: hakuna kilichobadilika. Kisha nikaishika sinia, nikaielekeza kwenye mche ule ule. Majani yakang'aa mara moja, hata watoto wakapiga kelele. Jaribu jambo hili kwako, halina gharama. Chokaa nyeupe iliyo mpya hurudisha karibu robo tatu ya nuru inayoipiga, nao ubao mweusi wa oili hurudisha kidogo mno. Nuru ile inayorudishwa ndiyo mboga huitumia kujitengenezea chakula.

Lakini sitaki nikudanganye. Ua mweupe hauumbi nuru. Hurudisha tu ile iliyoufikia. Ukipaka chokaa ua ulio chini ya miti minene, ambao wenyewe hauoni jua wala mbingu, utakuwa umepata ua mzuri wa kutazamwa na mboga mbaya za kula. Ua utakaosaidia ni ule unaopigwa na jua huku umeuelekea upande wa kivuli. Tena hausaidii mbali. Ukienda mbali na ua kupita urefu wake mara moja au mara moja na nusu, faida imekuwa ndogo. Ndiyo maana bustani nyembamba kama ya mama yule yafaa sana, na bustani pana haifai. Na kama shida yako ni mizizi ya mikaratusi inayonyonya maji, chokaa haitakusaidia kwa lolote.

Mzee alipofahamu habari hii alifurahi, maana miti yake ilikuwa imeachiliwa. Akasema hakuna haja hata ya kununua chokaa. Alikuwa na mbao za zamani, zilizotolewa katika nyumba moja ya mlowezi iliyobomolewa, nazo zimekwisha kupakwa rangi nyeupe ya mafuta. Akazileta. Rangi ilikuwa ikibanduka vipande vipande kama magamba ya samaki. Bwana Shamba akamwambia, "Mzee, hizi usizitumie karibu na bustani wala karibu na ndama."

Nami niliunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu jambo hili lilitufika nyumbani nilipokuwa mtoto. Baba alichukua mlango wa zamani, akaufanya kizuizi cha kibanda cha ndama. Ndama jike wetu alipenda kuulamba, nasi tulimwona anacheza. Baada ya siku chache akawa haoni. Akajigonga ukutani, akasaga meno, akatetemeka, na usiku wa tatu akafa. Tulisema ni ndigana. Daktari wa mifugo alipokuja, alitazama macho ya ndama, akatazama mlango ulivyolambwa hata ubao ukaonekana, akasema ni rangi. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, nayo ni sumu. Ndama huipenda kwa sababu ina utamu kidogo. Ndama yule ndiye baba aliyemtegemea kwa karo yangu ya sekondari, na mwaka ule nilianza shule muhula wa pili.

Basi mbao zenye rangi ya zamani usizilambishe mifugo, usizikwangue penye mboga, na usizichome jikoni, maana sumu hubaki katika vumbi na majivu. Watoto wadogo huumia kuliko ng'ombe. Risasi huharibu akili zao, na mtoto haonyeshi dalili upesi. Ukinunua rangi mpya dukani, uliza iliyoandikwa kwamba haina risasi. Lakini kwa ua wa bustani sioni sababu ya kununua rangi ya bei, wakati chokaa ipo.

Sasa kazi yenyewe. Ile oili ilileta taabu, maana chokaa haishiki juu ya mafuta. Mzee alilazimika kugeuza mabanzi, upande wa nyuma uliokuwa mkavu ukawa mbele. Ikiwa wataka kuzuia mchwa, shughulikia nguzo tu na uache mabanzi yasiguse ardhi. Oili chafu si kitu cha kumwaga penye mboga. Acha nafasi ya kiganja chini ya mabanzi, na nafasi ya kidole kati ya banzi na banzi, ili upepo upite. Mahali pa kivuli pana unyevu, na pakizibwa kabisa ukungu na koa watafanya makao.

Nunua chokaa ya kupaka nyumba, ile iliyokwisha kuzimwa, inayouzwa ikiwa unga. Usitumie chokaa ya kutibu udongo wenye uchachu. Hiyo ni mawe yaliyosagwa tu; ukiipaka itakauka, kisha itapeperuka kama unga wa mahindi. Nimewaona wakulima wawili waliofanya hivyo, na wote wawili walilaumu brashi.

Kwa kilo 5 za chokaa, iloweke katika lita 5 za maji, uiache usiku kucha. Katika chombo kingine yeyusha kilo 1 na nusu ya chumvi katika lita 4 za maji ya moto. Maji ya chumvi yakipoa, changanya vyote viwili, chuja kwa gunia au kitambaa, kisha ongeza maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa mazito. Chumvi huisaidia chokaa kushika na isikauke haraka mno. Lakini kama ng'ombe wako wanaufikia ua huo, acha chumvi kabisa, ama sivyo wataulamba kutwa na chokaa yako itaishia tumboni.

Chokaa mbichi huunguza. Vaa glavu au paka mafuta mikononi, watoto wakae mbali, na ikiruka jichoni osha kwa maji safi mengi kwa muda mrefu, kisha uende zahanati upesi. Tandika magunia juu ya matuta. Chokaa nyingi ikidondoka penye viazi si jambo jema, kwa kuwa upele wa viazi hupenda udongo wa namna hiyo.

Lowesha mabanzi kwa maji kwanza. Paka asubuhi au jioni, si wakati wa jua kali. Mabanzi yaliyopasuliwa kwa msumeno, yenye kukwaruza, hushika chokaa vizuri kuliko mbao zilizopigwa randa. Paka nyepesi mara mbili au tatu, na kila mara uache ikauke. Utakapoipaka utaona kama maji machafu tu, na utafikiri umetupa fedha. Subiri. Ikikauka huvuta hewa na kurudi kuwa jiwe, na kesho yake utauona ua mweupe. Anayepaka nzito mara moja ili amalize upesi atarudia kazi, maana itabanduka.

Wengine huuliza kama rangi nyingine hazifai. Zafaa, mradi ziwe hafifu: manjano ya maziwa, au nyeupe iliyotiwa udongo mwekundu kidogo. Nyeupe tupu ndiyo hurudisha nuru nyingi kupita zote, ila mchana huchoma macho, na mama wengine hawaipendi mbele ya mlango. Udongo mweupe wa kupaka nyumba za udongo waweza kutumika pia, lakini mvua ya kwanza huuosha. Ukuta wenyewe wa nyuma ya jikoni upake vilevile, kwa sababu nuru inayotoka uani ikiupiga hurudi tena kwenye mboga.

Wakati mzuri kwa ukuta unaotazama kusini ni Januari au Februari, siku za ukame, ili chokaa iwe imekaza kabla ya mvua za masika, na ua uwe tayari jua linapohama mwisho wa Machi. Kwa bustani iliyo upande wa kaskazini wa nyumba, ua wake wapakwa Septemba, kabla ya mvua za vuli.

Mzee na mama walipaka ua wao Februari 2024. Mwezi wa Julai mwaka ule nilipata safari ya kwenda huko, nikaomba kuiona bustani. Sukuma wiki ya karibu na ukuta ilikuwa imesimama wima. Haikuwa kama ile ya penye jua, usinielewe vibaya. Majani yalikuwa madogo kidogo na ilichelewa kuchumwa. Lakini yalikuwa ya kijani, na watoto walikuwa wakiyala. Spinachi na managu zilistawi kuliko nilivyotazamia, na dania ilikuwa nyingi hata mama alikuwa akiwapa majirani. Mboga za majani huweza kuvumilia saa tatu au nne za jua na nuru ya kurudishwa. Vitunguu vilimshinda: majani matupu, chini hakuna kitu. Nyanya nazo zilishikwa na ukungu. Nikamshauri avihamishe mpaka ukingo wa shamba la viazi, maana mboga za tunda na za kichwa hutaka jua lenyewe saa sita au zaidi, wala hazikubali kupewa nuru ya mkopo.

Mama alikuwa na lalamiko moja. Ua ukiwa mweusi hakuna aliyeona uchafu, na sasa kila kiganja cha mtoto kinaonekana, na kuku wakichakura matope hurukia mabanzi ya chini. Nilimwambia apake tena sehemu ya chini tu, haichukui nusu saa. Mzee alinichukua kando akanionyesha misaipresi, na ng'ombe wake wawili wamelala chini yake. Kisha akaniambia kwamba shauri la ua mweupe lilikuwa lake tangu mwanzo. Mama alikuwa mlangoni pa jikoni, akasikia, asijibu.

Chokaa iliyobaki walipaka ndani ya kibanda cha ndama. Vigingi vya Bwana Shamba bado vimesimama pale ukutani, na mama ameongeza vyake vya Desemba upande wa pili wa nyumba, kwa kuwa mwaka ujao anataka kujaribu kitalu cha kabichi huko.